Ardhi ya jamii: anayehesabiwa ni aliyebaki tu, ao na aliyehama?

Edinburgh ni mji mkuu wa Uskoti, inchi iliyo kaskazini mwa Uingereza, ndani ya ufalme mmoja nayo. Katika mji huo kuna bunge lenye wabunge 129. Si bunge la ufalme wote. Lile la ufalme liko London, na ndilo linaamua juu ya jeshi, mambo ya inchi za kigeni na vibali vya wahamiaji. Hili la Edinburgh liliachiwa masomo, afya, misitu, kilimo na ardhi. Mtu wa Congo anaweza kulifikiria sawa na bunge la jimbo, ila lina nguvu zaidi: likitaka kubadilisha sheria ya ardhi, halingoji wabunge wa London wakubali.

Bunge hilo ni changa. Wananchi walipiga kura ya kulitaka Septemba 1997, likaanza kazi 1999. Lile la zamani la Uskoti lilikuwa limefungwa tangu 1707. Kwa hiyo karibu miaka 300 watu wa inchi ile walikuwa wakiamuliwa mambo yao ya ardhi kutoka mbali.

Habari hii inawahusu nini watu wa Goma, Bunia na Bukavu, ao familia zilizo chini ya mabati ya kambi? Ni juu ya kazi moja ambayo bunge lile limeirudilia mara nyingi tangu lizaliwe: kuwapa watu wa fasi moja njia ya kumiliki mali kwa pamoja. Mali hiyo inaweza kuwa shamba, msitu, kiwanja, jengo, hata kisiwa kizima. Na ndani ya kazi hiyo kuna swali ambalo kila familia iliyohama inalijua bila kufundishwa. Mtu akisema "jamii", anahesabu nani?

Siku moja ya kazi katika bunge lile inasaidia kulielewa swali hilo.

Asubuhi: kamati

Siku ya tatu ya juma, Jumatano, kazi huanza asubuhi katika vyumba vya kamati. Wabunge wachache wanakaa kuzunguka meza, na mbele yao wanakaa watu walioitwa kuulizwa: mkulima, mwanasheria, mtu wa chama cha kijiji, mwakilishi wa wenye mashamba makubwa. Kila neno linaandikwa na kutangazwa. Mradi wa sheria hupitia ngazi tatu. Kwanza wabunge wanaulizana kama wazo lenyewe ni zuri. Kisha wanarekebisha maneno, kifungu kwa kifungu. Mwisho bunge zima linapiga kura. Hapo kwenye kamati ndipo maneno makubwa ya jukwaani yanageuka kuwa maswali madogo: mpaka unapita wapi, nani anatia sahihi, siku ngapi za kujibu.

Uskoti ina sababu ya kuuliza maswali hayo. Katika karne ya 18 na ya 19, wenye ardhi wa Nyanda za Juu na visiwa vya magharibi waliwaondoa wapangaji wao kwa maelfu. Kondoo walileta faida kuliko watu. Nyumba nyingine zilibomolewa ao kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Wengine walisukumwa pwani kwenye mawe, wengine wakapanda meli kwenda Canada na kwingineko. Mabonde yaliyokuwa na vijiji yakabaki na kuta fupi za mawe na majani.

Alama ya mambo hayo haijafutika. Karatasi moja iliyoandikwa mwaka 2013 kwa ajili ya kamati ya bunge la London ilikadiria kwamba wenye ardhi 432 peke yao walishika nusu ya ardhi yote ya vijijini iliyo mikononi mwa watu binafsi. Wengi wa matajiri wa namna hiyo hawalali kwenye ardhi yao. Wanakuja kuwinda, wanarudi mjini ao ng'ambo. Mtu anayelala pale mwaka mzima anaweza kuomba ruhusa hata ya kutengeneza paa, na jibu linatoka kwa mtu asiyeonekana.

Kisiwa cha Eigg ni mfano unaotajwa mara nyingi. Mwaka 1853 familia za kijiji cha Grulin, kwenye kisiwa hicho, ziliondolewa ili kondoo wapate malisho. Zaidi ya miaka 140 baadaye, wakaaji waliobaki walikuwa wapatao 60 tu, na kisiwa kilikuwa kikiuzwa kutoka tajiri mmoja kwenda kwa mwingine wao wakiwa juu yake, sawa na vyombo vya nyumba. Wakaaji wakaungana na halmashauri ya eneo na shirika la kulinda wanyama pori, wakachangisha. Maelfu ya watu walituma pesa kidogo kidogo, na mtu mmoja ambaye hakutaka jina lake lijulikane alitoa sehemu kubwa. Juni 1997 wakakinunua kisiwa kwa pauni milioni 1.5.

Mwaka 2008 wakawasha umeme wao wenyewe, unaotoka kwa maji, upepo na jua. Zamani kila nyumba ilikuwa na jenereta yake ya mazutu ao ilikaa gizani. Ili umeme utoshe wote, walikubaliana kila nyumba isipite kilowati 5 kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewaletea amri hiyo kutoka mji mkuu. Leo wakaaji wamepita 100, na kuna vijana waliorudi kujenga.

Lakini watu wa Eigg walishinda bila sheria. Walipata bahati, marafiki na pesa. Kijiji kisicho na marafiki kingefanya nini? Ndiyo kazi iliyoingia bungeni.

Saa nane mchana: maswali na mjadala

Saa nane mchana wabunge wanaingia katika ukumbi mkubwa. Kwanza mawaziri wanajibu maswali. Mbunge anasimama, anauliza juu ya hospitali, barabara ao feri ya visiwani, waziri anajibu, mbunge anarudilia mara moja, kisha wanapita kwa mwingine. Baadaye unakuja mjadala wa siku. Mara nyingi umekuwa juu ya ardhi na mali ya jamii.

Sheria ya kwanza kubwa ni ya mwaka 2003. Inasema hivi kwa ufupi: watu wa fasi moja wakiunda shirika lao na kujiandikisha katika daftari la serikali kwamba wana haja na ardhi fulani, siku mwenye ardhi akitaka kuiuza, wao ndio wa kwanza kuulizwa. Hawaipewi bure. Mthamini asiye wa upande wowote anaweka bei ya soko, nao wanatafuta pesa. Upo mfuko wa ardhi unaosaidia. Kwa wakulima wadogo wa kaskazini na magharibi, sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi: wanaweza kuomba kununua hata kama mwenye ardhi hataki kuuza.

Mwaka 2015 bunge likapanua njia. Haki ya kununua kwanza, iliyokuwa ya vijijini, ikafika mijini pia. Mtaa wa Portobello, kando ya bahari katika mji uleule wa Edinburgh, ulikuwa wa kwanza mjini kuitumia. Kanisa moja lilikuwa linauzwa pamoja na ukumbi wake, na watu wa mtaa waliogopa kwamba litageuka kuwa nyumba za kuuza kwa bei ya juu. Wakajiandikisha, wakapiga kura, wakalinunua mwaka 2017. Sasa ni nyumba ya mtaa.

Sheria ileile ya 2015 ilifungua mlango mwingine, wa mali ya serikali yenyewe. Shirika la jamii linaweza kuomba jengo ao kiwanja cha serikali ya eneo, cha polisi ao cha idara ya afya: shule iliyofungwa, ofisi isiyotumika, uwanja. Linaweza kuomba kununua, kukodi ao kutumia tu. Idara inapaswa kukubali isipokuwa ina sababu ya haki ya kukataa, na imepewa miezi sita kujibu. Ikikataa, mtu anaweza kukata rufani. Mzigo wa kueleza umehamishwa: si mwananchi anayebembeleza, ni ofisi inayopaswa kusema kwa nini haiwezekani.

Katika mijadala hiyo wapinzani nao wanasimama. Wanauliza: mwenye mali aliyenunua kwa haki, kwa nini asumbuliwe? Kijiji kikikosa pesa za kutengeneza paa, nani atalipa? Mkutano wa kijiji ukigawanyika, nani atapatanisha? Haya si maneno ya bure. Kuna mashirika ya jamii yaliyochoka, kwa sababu wanaofanya kazi ya kamati ni watu walewale kumi kila mwaka.

Saa kumi na moja jioni: kura

Saa kumi na moja jioni kengele inalia. Maneno yanakwisha, kura inapigwa. Kila mbunge anabonyeza: ndiyo, hapana, ao sipigi. Dakika chache, na kile kilichobishaniwa miezi mingi kinakuwa sheria ao kinaanguka.

Ndani ya sheria hizi mna kifungu ambacho mtu aliyehama angekisoma mara mbili. Jamii inatambulikanaje? Kwa sheria ya 2003, na marekebisho yake, jamii ni watu wanaokaa katika eneo lililochorwa na wenye haki ya kupiga kura huko katika uchaguzi wa eneo. Shirika la jamii lazima liongozwe na hao. Kabla ya kununua, hao ndio wanapiga kura. Wengi wa waliopiga wakubali, na waliopiga wawe wa kutosha: nusu ya wenye haki, ao ikiwa ni chini ya nusu, waziri aridhike kwamba inatosha.

Kwa hiyo hesabu inafuata anayelala pale. Haiulizi ukoo, wala kabila, wala kaburi la babu. Aliyehamia juzi kutoka London anahesabiwa. Mjukuu wa familia iliyofukuzwa Grulin, aliye Canada, hahesabiwi.

Sababu yake inaeleweka. Ugonjwa wa Uskoti ulikuwa mwenye ardhi asiyekuwako. Dawa ikawa kumpa nguvu aliyeko. Na ni kweli kwamba aliyeko ndiye anayefunga bomba likipasuka usiku na ndiye anayebeba mgonjwa hadi kwenye mashua.

Jioni: mjadala usio na kura

Baada ya kura, wabunge wengi wanatoka. Siku inafungwa na mjadala mfupi ulioletwa na mbunge mmoja, juu ya jambo la watu wa eneo lake. Mwisho wa mjadala huo hakuna kura. Watu wanasema, waziri anajibu, taa zinazimwa.

Septemba 2000, katika mjadala wa namna hiyo, mbunge mmoja wa Nyanda za Juu aliomba bunge lionyeshe masikitiko makubwa juu ya wale waliofukuzwa zamani, na liwanyoshee mkono wa urafiki wajukuu wao walio ng'ambo. Yalikuwa maneno mazuri, na yalihitajika. Hakuna bunge lililokuwa limeyasema mahali pale, maana kwa karibu miaka 300 bunge lenyewe halikuwako. Lakini ona saa yalipowekwa. Aliyebaki alipewa kifungu cha sheria wakati wa kura. Aliyeondolewa alipewa neno la pole wakati ambapo hakuna kura. Miaka 150 ilikuwa imepita, na labda hapakuwa na njia nyingine.

Hapo ndipo mtu wa Kivu ao Ituri anapaswa kusimama kidogo. Yeye hajafikisha miaka 150 nje ya kijiji chake. Ana miaka miwili, mitano, ama kumi. Saa yake ya kura bado haijapita.

Upande wa Congo

Sheria ya ardhi ya Congo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya taifa, isiyoweza kuuzwa. Mtu anapewa haki ya kuutumia. Juu ya mashamba ya vijiji, yale ambayo watu wanayashika kwa desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya rais wa inchi itapanga haki zao. Miaka 40 baadaye amri hiyo ilikuwa haijatoka. Kati ya ahadi na amri, wengine walichukua vyeti mjini juu ya vilima ambavyo watu walikuwa wanalima. Masisi inajua habari ya malisho makubwa ambayo mwenyewe anaonekana siku ya kuuza ng'ombe.

Katiba ya 2006 ililipa kila jimbo bunge lake na gavana wake. Sheria ya ardhi ilibaki kazi ya Kinshasa; jimbo liliachiwa kutoa na kuhifadhi vyeti kwa kufuata sheria ya taifa. Na kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu utawala wa kijeshi wa dharura ulipotangazwa Mei 2021, mabunge ya majimbo hayo mawili yaliwekwa pembeni.

Lakini kuna mlango mmoja unaofanana kidogo na ule wa Uskoti. Ni msitu wa jamii. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 iliutaja, na dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna ya kuupata. Jamii inaweza kupewa msitu inaoushika kwa desturi, hadi hektari 50,000, bila mwisho wa miaka. Gavana wa jimbo ndiye anatia sahihi. Amri ya waziri ya mwaka 2016 ikaongeza namna ya kuuongoza: mkutano wa jamii nzima, kamati ya kusimamia, kamati ya kukagua, na baraza la wazee.

Na hapa jamii inatambulikanaje? Sheria ya misitu haisemi anayelala pale. Inasema watu walioungana kwa desturi, kwa ukoo ao undugu, na walioshikamana na eneo fulani. Ni kipimo kingine kabisa. Kwa kipimo hiki, mama aliyekimbia na watoto wake na anayeishi kambini hajatoka katika jamii yake. Undugu haukatiki kwa kupanda lori usiku, na kukaa mbali kwa kulazimishwa si kuacha eneo.

Kipimo hicho nacho kina ubaya wake. Ukoo unaweza kumfungia nje jirani aliyezaliwa kwenye kilima kilekile, eti babu yake alitoka kwingine. Damu nyingi imemwagika huku juu ya neno hilo. Uskoti, kwa kuhesabu aliyeko, iliepuka ubishi huo. Congo, kwa kuhesabu desturi, inamlinda aliyehama lakini inaweza kumgeuza jirani kuwa mgeni. Hakuna kati ya vipimo viwili kinachotosha peke yake.

Kilicho wazi ni kwamba neno "hayuko" linawafunika watu wawili wasiofanana. Kuna tajiri aliye mjini kwa sababu anapenda, mwenye cheti ndani ya sanduku. Na kuna mkulima aliye kambini kwa sababu risasi zilimtoa, asiye na cheti hata kimoja. Sheria inayotaka kumbana wa kwanza inaweza kumponda wa pili kama haikuwatofautisha kwa maneno. Kazi ya kuwatofautisha haifanyiki saa ya kura. Inafanyika asubuhi, mezani, pale watu wanapouliza maswali madogo.

Yale maswali madogo hayangoji bunge lirudi. Faili la msitu wa jamii linaomba majina ya familia na koo, ramani ya mipaka, na karatasi ya mkutano inayoonyesha kwamba watu waliulizwa. Kijiji ambacho nusu ya watu wake wako kambini kinaweza kuandika orodha fupi ya waliobaki, na orodha hiyo ikapigwa muhuri. Ama kinaweza kutuma mtu hadi kambini na daftari, aandike pia walioko huko: jina la baba wa nyumba, la mama, kilima walichotoka, mto uliokuwa mpaka, majirani wa kulia na wa kushoto. Na kambini watu wa kijiji kimoja wanaweza kukaa pamoja siku ya posho na kufanya hivyo bila kungoja kutumiwa mtu. Jina la mjane liandikwe kwa haki yake, siyo nyuma ya jina la shemeji. La jirani aliyeoa kutoka ukoo mwingine liandikwe pia, kama kila mtu anajua alikuwa akilima pale.

Daftari hilo si cheti. Hakimu anaweza kulikataa, na mwenye silaha hasomi. Lakini siku gavana atakapoletewa faili, ao siku bunge la jimbo litakapokaa tena na kuita watu asubuhi kwenye kamati, mwenye daftari la majina 300 atakuwa na kitu cha kuweka mezani.